Bana Chabu na Tangazo Lililofutika

Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa, mwanamke mzima haitwi kwa jina lake. Ukimwita mke wa mtu kwa jina alilopewa utotoni, tena mbele za watu, kana kwamba unamtuma chumvi dukani, utaulizwa umelelewa wapi. Akishazaa, huwa Bana fulani, yaani mama wa fulani, na basi. Ndiyo maana yule binti wa Lubumbashi aliyeshushwa ufukoni na boti ya wachuuzi wa samaki mwanzoni mwa mwaka 1999, mjamzito, na mfuko mmoja wa nguo, hakukaa sana na jina lake. Alipojifungua mtoto wa kiume, mama mwenye nyumba aliyempokea, Bana Katongo, alimpa mtoto jina la mume wake yeye mwenyewe, marehemu Chabu. Tangu siku hiyo wake kwa waume wakamwita Bana Chabu. Ilikuwa heshima. Nalisema mapema, asije mtu akadhani kulikuwa na aliyemtakia mabaya.

Jina lake hasa lilikuwa Marlène. Alikuwa amesoma mambo ya kompyuta Lubumbashi, akafanya kazi katika ofisi ya watu wa usafirishaji, kisha akaolewa na fundi cherehani. Kaka zake walimcheka weee. Msomi mzima, anafuata mtu wa sindano na uzi hadi Pweto! Naye alijibu kwamba huyo Mwenze akikushonea gauni huhitaji kuvuta tumbo ndani, na kwamba kaka zake wangejua maana ya neno hilo wasingekuwa wanagombana na wake zao kila Jumapili. Alikuwa na ulimi, Marlène. Alikuwa na kicheko pia, siku hizo.

Vita vilipokaribia Pweto, Mwenze alimtafutia mkewe nafasi kwenye boti, lakini yeye mwenyewe hakupanda. Kibandani mwake kulikuwa na vitambaa vya wateja, vingine vimeshakatwa, vingine bado.

"Siwezi kimbia na bilamba ya batu," alimwambia. "Natamaliza, natarudishia kila mutu yake, kisha nakufuata na mashini yangu. Uningojee ku Nchelenge."

Mnaona mtu wa namna gani huyo? Mizinga inasikika kaskazini, yeye anawaza suruali ya mwalimu haijatiwa pindo. Marlène alikasirika hata hakumuaga vizuri. Boti iliposukumwa, alitazama mbele, upande wa Zambia, na alipogeuka kumtazama mumewe, ufuko ulikuwa umejaa watu na hakumwona tena. Baada ya hapo njia ya maji ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na habari za Mwenze zikakatika.

Kazi aliipata misheni, mwanzoni mwa Oktoba. Muzungu mmoja wa shirika la kanisa alikuwa ameleta kompyuta tatu zilizotumika. Moja ilikuwa seva, ile inayotunza kurasa na kuwagawia wenzake, na nyingine mbili ziliunganishwa nayo kwa waya, moja ofisini, moja barazani. Intaneti haikuwapo, na simu yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Nia yake ilikuwa kwamba waliopotezana na jamaa zao katika vita watoe matangazo, programu iyapange yenyewe kwenye kurasa, na yeyote anayeshuka kwenye boti aje barazani, ataje jina, atafutiwe. Muzungu aliacha sidii ya programu na karatasi za maelezo, akapanda basi la Mansa, akaenda zake.

Programu ilikataa kata kata. Kila Marlène alipofungua ukurasa wa kwanza, badala ya matangazo yalitoka matumbo ya programu yenyewe, mabano na alama za ajabu kutoka juu hadi chini. Mwila, karani wa misheni, mwanamke mpole aliyejua Kibemba na Kiingereza tu, alidhani ndiyo Kifaransa chenyewe. Marlène alisoma karatasi, akajaribu, akakwama, akarudia. Mwishoni akagundua kwamba seva haikuwa imeambiwa kwamba yale mafaili hayagawiwi hivyo hivyo, sharti yapitishwe jikoni kwanza. Ilikuwa inawaletea watu unga badala ya bukari, ugali wa kwao. Akaongeza mstari mmoja katika faili la maagizo, akaizima seva, akaiwasha, na ukurasa ukafunguka, mweupe, na kichwa cha habari juu na tarehe ya siku pembeni.

Sheria ya usafi aliitunga yeye. Diski ilikuwa ndogo, na tangazo lisiloguswa kwa miezi mitatu huenda mwenyewe keshampata mtu wake na kuhama. Kwa hiyo aliiagiza programu kila siku ifagie kila kilichozidi miezi mitatu. Tangazo la kwanza kabisa kuingizwa lilikuwa lake, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Marlène, bibi ya Mwenze fundi cherehani wa Pweto, yuko hapa misheni. Mwila hakuweza kulisoma, na hakuna aliyemwambia kwamba Marlène ndiye huyu wanayekunywa naye chai.

Kuhusu mtoto hakuandika neno. Kwao mtoto mchanga hatangazwi. Mnamwacha kwanza, mnamtazama, mnangoja akae mwenyewe bila kuegemezwa, ndipo mnawatumia watu habari kwamba tumepata mtu. Marlène alisoma kompyuta, lakini hilo hakulisomea. Alilikuta kwa mama yake, kule Moba, na akalishika.

Mvua zilipoanza, zikaja na radi zake. Mtunza nyumba wa misheni alikuwa mzee mmoja wa Nchelenge, Kapembwa, aliyezika kaka yake kwa radi na hakuwa na mzaha nayo. Wingu likinguruma tu, alikuwa ameshafika kwenye swichi kubwa ya ukutani na kuikata nyumba nzima umeme, uwe unaandika, uwe unachapa, uwe unapiga pasi. Ukilalamika anakutazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwenzake akitembea kuelekea shimoni.

Na kila umeme uliporudi, seva iliamka imesahau siku. Ilileta kwanza sentensi moja kwenye kioo cheusi, ya kulalamika na kutaka ubonyeze kitufe fulani ili iendelee. Marlène alizoea kubonyeza bila kusoma. Mashine kuukuu, alisema, haziamki bila kunung'unika. Ikishaamka, tarehe ilikuwa ya mwaka 1980. Mwaka huo dunia nzima ilikuwa inazungumzia ugonjwa wa kompyuta utakaokuja na mwaka 2000, hata padre aliutaja kanisani, kwa hiyo Marlène alidhani mashine yao imewahi kuugua. Alimfundisha Mwila kwamba jambo la kwanza asubuhi ni kusahihisha tarehe, ndipo chai.

Siku moja ya Novemba, Chabu alikaa. Bana Katongo alimweka juu ya mkeka ili afunge kitenge chake, akageuka, akakuta mtoto ameketi peke yake, mgongo wima, anatazama kuku. Marlène alipigiwa vigelegele akiwa njiani kwenda kazini. Alikwenda akitabasamu peke yake. Alasiri ilipiga radi, Kapembwa akakata umeme, akaurudisha. Bana Katongo akaja misheni na mtoto mgongoni akisema mwili wake ni wa moto. Homa! Siku ya furaha haikosi mdudu. Kabla ya kumpeleka hospitali, Marlène alikaa kwenye kompyuta kwa haraka, mtoto analia mapajani, akafungua tangazo lake na kuongeza mstari. Mwenze, tulipata mutoto, mwanaume, anaitwa Chabu, amefanana na wewe masikio. Akahifadhi, akatoka mbio.

Tarehe hakuigusa. Kusahihisha tarehe ilikuwa kazi ya asubuhi.

Malaria ilimlaza mtoto wodini, na mama akalala chini ya kitanda chake mpaka homa ikashuka. Aliporudi misheni, mtoto mwepesi mgongoni, hakusalimia sana. Alikaa barazani akaandika jina lake mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya kila siku, kwa kuhakikisha tu kwamba liko. Mashine ikamjibu: hakuna tangazo lenye jina hilo.

Alirudia. Hakuna.

Kwanza alimgeukia Mwila. Umegusa nini? Mwila aliapa, akalia, na Marlène akaona aibu. Basi akaanza kutafuta kwa utaratibu, maana hasira haijawahi kutengeneza mashine. Diski haikuwa imejaa. Ghala la matangazo lilikuwa zima, na matangazo ya zamani yapo, hata ya wale waliovuka wakati mmoja na yeye. Yaliyopotea yalikuwa lake na ya watu wengine wachache, nao walikuwa wameandikiwa alasiri za radi. Aliusogeza mwaka hadi 2000 aone kama ule ugonjwa unaohubiriwa ndio mwizi. Hakuna kilichopotea, na kilichopotea hakikurudi.

Wingu likanguruma. Kapembwa akapita mbio kuelekea ukutani, na nyumba ikazimika.

Safari hii umeme uliporudi, Marlène alikuwa ameketi mbele ya seva yenyewe, na ile sentensi ya kioo cheusi akaisoma. Ilikuwa inasema wazi kabisa kwamba betri ya kumbukumbu imekufa. Alifungua kifuniko. Ndani, kwenye ubao, kulikuwa na betri moja bapa, saizi ya kifungo cha koti, ile inayoishikia mashine saa yake umeme unapokatika. Imekufa, pengine tangu Ulaya.

Akaona sasa. Akaandika tangazo la uongo, la mbuzi aliyepotea, mashine ikaligonga muhuri wa 1980. Akasahihisha tarehe. Akaiamuru programu ifagie. Mbuzi akatoweka, maana mbele ya programu alikuwa amepotea miaka kumi na tisa, na sheria ilisema miezi mitatu. Na tangazo la zamani likiguswa tu, hata kwa mstari mmoja, lilipata muhuri mpya.

Marlène alipiga paja, akacheka kwa sauti. Nani asiyejua furaha hiyo? Umeisumbukia mashine siku nzima, ghafla inakuonyesha kidonda chake. Aliwaita Mwila na Kapembwa waje waone, akawaeleza yote kwa mikono, kwa Kiswahili na Kibemba chake cha kuokoteza, radi, betri, tarehe, ufagio. Kapembwa hakukosa, Mwila hakukosa. Betri itatafutwa Mansa kwa mtengeneza saa, na leo leo ataandika tangazo lake upya.

"Alors, Bwana asifiwe," alisema. "Hakuna kitu kiliharibika. Siku chache tu, tangazo yangu haikukuwa."

Kapembwa alikuwa amevua kofia.

"Bana Chabu, mukwai," alisema polepole, kwa neno lao la heshima. "Tangazo yenu ilikuwa ya jina gani?"

"Ya jina yangu. Marlène."

Mzee alitafuta pa kukaa, akakosa, akabaki amesimama.

"Mutu mumoja alikuya," alisema. "Siku mulikuwa ku hospitali. Mukongomani. Alibeba kichwa ya cherehani ku bega, alifunga na kitambaa. Aliuliza bibi yake. Marlène, alisema, bibi yangu Marlène iko huku? Ba Mwila aliangalia ku mashini, haiko. Nikamwambia awe, hapana, tata, ba mama ba huku mi najua bote. Kuko Bana Katongo. Kuko Bana Mwiche. Kuko Bana Chabu. Marlène, awe, haiko."

"Marlène njo mie," alisema Marlène.

Hakuisema kwa ukali. Aliisema kama mtu anayejitambulisha ofisini kwa mara ya kwanza, na kweli ilikuwa mara ya kwanza.

Mwila alianza kulia tena. Kapembwa aliendelea kwa sababu hakujua namna ya kunyamaza. Yule mtu alikuwa muungwana, alisema. Alikunywa maji. Aliona ukosi wa shati la Kapembwa umechanika, akamwambia alivue, akatoa sindano, akaushona pale pale barazani, wala hakutaka kitu. Alisema huyo bibi yangu iko na kichwa nguvu, kama haiko Nchelenge, basi alirudia kwa mama yake. Nitamufuata.

Shati lilikuwa lile lile. Marlène alinyoosha mkono akaushika ukosi wa yule mzee, jambo ambalo mwanamke hamfanyii mwanamume asiye wake, akaugeuza. Mshono ulikuwa chini, mdogo mdogo, umerudiwa mara mbili, na mwishoni umefungwa kwa fundo la pembeni ambalo Mwenze alilifunga kwenye kila nguo aliyowahi kushona, hata gauni lake la harusi. Alilikanda lile fundo kwa kidole. Kisha akakaa chini sakafuni na mtoto mgongoni, akatoa sauti ambayo Mwila anasema hakuwahi kuisikia hata msibani.

Mtu alikuwa amefika! Alikuwa amevuka ziwa na cherehani begani, ameketi kwenye baraza ile ile, amekunywa maji ya kikombe kile kile. Kama mashine ingekuwa na saa yake, angesoma kwamba yuko hapa na kwamba kuna mtoto. Kama mke wake angepunguziwa heshima kidogo tu, mtu yeyote angemwonyesha kwa kidole njia ya hospitali, ambako mkewe alikuwa amelala chini ya kitanda akimwomba Mungu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nasema walikuwa wakali mno.

Alikwenda ufukoni mbio. Pale alimkuta Agnès, mama wa Kikongo anayevusha samaki na sabuni, anayejua kila boti na kila abiria. Agnès alimkumbuka mtu wa cherehani.

"Alivuka na boti ya Sampa," alisema. "Nilimuambia, baba, kule kubaya. Akasema bibi yangu iko kule." Alimtazama Marlène, akamtazama mtoto, akaelewa, akajishika kichwa. "Mungu wangu. Njo weye?"

Agnès hakukaa bure. Alipeleka ujumbe kwa kila mchuuzi aliyevuka, na majibu yakarudi vipande vipande. Alionekana Pweto. Nyumba yao alikuta haina mlango. Aliacha cherehani kwa jirani ili atembee mwepesi, akashika njia ya kaskazini, ya Moba, kwa mama mkwe wake. Mbele ya pale ulikuwa mstari wa vita, na wachuuzi wa samaki hawana biashara huko. Ujumbe uliishia kwa huyo jirani. Baadaye cherehani yenyewe ikaletwa Nchelenge kwa boti, imefungwa kwa kitambaa kile kile. Yeye hakuja.

Betri mpya ilipatikana. Marlène aliiweka mwenyewe, akaifuta sheria ya miezi mitatu, akaandika tangazo lake na kuweka majina yote, la kwake, la mtoto, la Bana Katongo, hata la barabara. Usiku wa kuingia mwaka 2000 muzungu alituma salamu kwa redio ya misheni kwamba mashine zote zizimwe kwa tahadhari, na zikazimwa. Asubuhi Marlène aliiwasha seva. Haikunung'unika. Ilijua siku, mwezi na mwaka, na tangazo lake lilikuwa mahali pake.

Siku hiyo hiyo aliwakusanya Kapembwa, Mwila na Bana Katongo, akawaomba kitu ambacho kwao kilikuwa sawa na kumvua kitenge sokoni.

"Musiniite tena Bana Chabu," alisema. "Muniite Marlène. Hata batoto baniite Marlène."

Bana Katongo alikataa, akasema yeye hamtukani binti yake. Mwila alijaribu, akajikuta amesema Bana Chabu. Ni Kapembwa aliyekubali, na mpaka leo sijui mzee yule alikuwa anajiadhibu au anafanya kazi. Boti ya Kongo ikionekana, anaacha ufagio, anateremka mpaka maji yanapomfika magotini, na kabla boti haijagusa mchanga anavua kofia na kuita kwa nguvu zake zote jina la mke wa mtu.

"Marlène! Marlène ya Mwenze, ya cherehani! Iko huku! Marlène iko huku!"

Wageni wa mji humwona mzee mwenye wazimu. Ofisini, Marlène husikia jina lake likiitwa kutoka ziwani. Anajua ni Kapembwa, anaitambua sauti yake vizuri kabisa, na kila mara huinuka kitini.